Bukavu: Binti haumwi, lakini anauziwa antibiotiki

Binti wa chuo kikuu anaingia laboratwari ndogo ya mtaani kwa sababu mwenzake wa chumba alimwambia ajipimishe. Haumwi tumbo, hana homa, anakojoa bila maumivu. Baada ya muda mfupi anapewa karatasi: "Uko na infeksio." Kabla hajauliza swali, anaandikiwa cipro pamoja na sindano za jentamisini. Pesa ya chakula imekwisha. Na juu ya hayo anaambiwa kwamba asipotumia dawa haraka, hatazaa.

Hiyo ni biashara ya woga, na inapaswa kukoma.

Ukweli ni huu. Kwa wasichana 100 wenye afya, kati ya 1 na 5 hivi wanaweza kuwa na bakteria nyingi kwenye mkojo bila kuumwa popote. Mara nyingi ni E. coli, bakteria inayoishi kwenye matumbo ya kila mtu. Ili mganga aseme kweli ziko, mkojo unaoteshwa na bakteria zinahesabiwa: 100.000 au zaidi kwa mililita moja, tena kwa vipimo viwili vinavyofuatana. Kuona vijidudu vichache kwa mikroskopu, kwenye mkojo uliochukuliwa bila kunawa na bila kuacha ule wa kwanza upite, hakutoshi kitu.

Na hata zikihakikishwa, binti asiye na mimba na asiye na dalili hapewi dawa. Wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani walirudia shauri hilo mwaka 2019. Huko Italia, utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulifuata wanawake vijana waliokuwa wakiuguzwa mara kwa mara na ugonjwa wa mkojo. Waliotibiwa wakati hawana dalili ndio waliorudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wale walioachwa.

Wauza dawa watajibu: "Bora kujikinga." Kujikinga na nini? Bakteria zilizotulia kwenye kibofu haziharibu kizazi. Klamidia na kisonono ndivyo vinaweza kunyamaza na kuharibu mirija ya uzazi, lakini hivyo vina vipimo vyake na dawa zake. Kumchanganyia binti mambo hayo ni kumdanganya, na ni kumtia haya mbele ya wenzake bure. Jentamisini nayo si maji: inaweza kudhuru figo na masikio.

Hasara haibaki kwa mwanafunzi peke yake. Kila cipro inayomezwa bila sababu inafundisha bakteria kuizoea. Kesho mama aliyekimbia vita, analala chini ya shiti, atapata homa kali na maumivu ya figo. Dawa ya bei nafuu haitamsaidia tena, na ile ya bei kubwa hataiweza. Yeye ndiye atakayelipa deni la biashara hiyo.

Kuna wanaopaswa kupimwa na kutibiwa hata bila dalili: wanawake wenye mimba, kwa sababu kwao bakteria hizo zinaweza kupanda hadi kwenye figo, na wale wanaongoja kupasuliwa au kuingiziwa vyombo kwenye njia ya mkojo. Mama mwenye mimba, awe nyumbani kwake au kambini, asikose kipimo hicho kwenye kliniki ya wajawazito.

Naye anayesikia mkojo unachoma, anayekojoa kila mara, anayeona damu au mwenye homa na maumivu ya ubavuni, aende kwa mganga bila kungoja.

Wakubwa wa afya wa Kivu ya Kusini wanajua milango inayouza antibiotiki bila mganga. Waikague. Nanyi mabinti, mkipewa karatasi hiyo, ulizeni kwanza: "Mkojo wangu umeoteshwa? Mnatibu ugonjwa gani, wakati siumwi?" Asiye na jibu asipewe hata franka moja.