Sura ni Amana

Nasikia ikisemwa kwamba picha ya sanaa humfunza mtu kujijua. Kwetu Mombasa si jambo geni. Tangu miaka ya 1940, mama zetu na dada zetu waliingia studio ya Bwana Parekh na mabuibui, wengine wakayavua, wakaketi na dhahabu zao, wakajiona walivyotaka kuwa. Picha ikawekwa sandukuni, ya jamaa tu. Baadaye picha za studio hiyo zikaonyeshwa ng'ambo, wataalamu wakazisifu. Sikatai, Parekh alijua kuipanga taa. Lakini aliyevua buibui faraghani hakutoa idhini ya kutundikwa ukutani mbele ya wasiomhusu. Wajukuu wake wapo. Kabla ya onyesho jingine, waulizwe.