Mguu Wangu Usiandikwe Msaada: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Nakala: Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA)

YAH: MANENO YANAYOTUMIKA KULIPIA VIUNGO BANDIA NA BRESI

Mheshimiwa Waziri,

Naomba nianzie dirishani. Lilikuwa dirisha la mfuko mmoja wa bima ambao sitautaja jina, na nyuma ya kioo alikaa kijana nadhifu, rika la wanafunzi wangu wa mwishomwisho kabla sijastaafu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akafungua kompyuta, akasoma, akanitazama kwa huruma. “Mwalimu, hapa inaonyesha mguu ulishapewa.”

Ni kweli, nilishapewa. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti, na baada ya miezi kadhaa nikavishwa wa bandia. Lakini kigutu hakibaki kama kilivyotoka chumba cha upasuaji. Uvimbe hushuka, misuli isiyo na kazi hukonda, na mwaka wa kwanza haujaisha soketi, yaani kikombe kinachopokea kigutu, iliyokubana vizuri inakuwa ndoo. Siku ile nilikuwa nimevaa soksi nne, moja juu ya nyingine, na bado nikishuka daladala mguu ulitaka kubaki ndani. Unyayo wake ulikuwa mzima, bomba lake zima. Nilihitaji soketi tu.

Kwenye fomu ya yule kijana hapakuwa na neno soketi. Palikuwa na mstari mmoja: “Kifaa: mguu bandia. Idadi: 1.” Kwa kompyuta yake, mzee mmoja aliyekatwa mguu mmoja alikuwa amekuja kudai wa pili.

Sikumlaumu, maana alisoma kilichoandikwa. Soketi nikailipia mwenyewe kutoka kwenye kiinua mgongo, ambacho safari hiyo kiliinua mguu. Nikarudi nyumbani nikiwaza kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kazi ya kufundisha Kiswahili. Kisicho na jina hakiitiki, na kisichoitika dirishani hakilipwi. Ndiyo maana barua hii haikuombi fedha, Mheshimiwa. Inakuomba maneno.

Nianze na neno “kifaa”. Katika karatasi za malipo zilizopita mikononi mwangu, mguu bandia, bresi, magongo, kiti mwendo, miwani na shime sikio vimetiwa kapu moja lililoandikwa “vifaa saidizi”. Kapu hilo lina faida yake kwa mtu wa takwimu. Kwa mlipaji linapoteza njia, kwa sababu vitu hivyo havipatikani kwa namna moja. Magongo unayachukua stoo, unayarefusha kwa tundu mbili, unaondoka nayo. Mguu bandia hauko stoo. Mtaalamu hukifunga kigutu kwa bandeji ya plasta apate umbo lake, akalijaza jasi, kisha akachonga: hapa anapunguza panapoweza kubeba uzito, pale anaongeza penye mfupa unaouma. Bamba la plastiki huingia tanurini hadi lilainike, likavikwa juu ya lile umbo, hewa ikavutwa lishikane nalo. Baada ya hapo unajaribishwa, unapangwa mstari wa goti na unyayo, unafundishwa kutembea kati ya vyuma viwili, unarudi baada ya wiki kwa kuwa pamechubuka. Kinachonunuliwa hapo ni huduma nzima, na plastiki ni sehemu yake tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vyake vya kazi hii mwaka 2017 lilivipanga katika maeneo manne: sera, bidhaa, wataalamu na utoaji wa huduma. Sisi kwenye fomu tumebaki na bidhaa peke yake.

Na kwa mtoto hesabu ya “kifaa, idadi 1” inageuka ukatili. Mtu mzima anaweza kukaa na mguu bandia miaka 3 hadi 5. Mtoto anayekua huhitaji mpya kila baada ya miezi 6 hadi 12. Fomu isiyo na neno la kukua inamtaka mtoto asikue.

Neno la pili ni “saidizi”. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita bila kulisalimu. Saidizi na msaada ni ndugu wa tumbo moja, na msaada kwetu una adabu zake: hupewa, haudaiwi; ukipata, unashukuru; ukirudi mara ya pili, unaonekana mlafi. Adabu hiyo ndiyo niliyoiona machoni mwa yule kijana. Aliniona kama mtu aliyekwisha kufadhiliwa, ingawa kadi niliyoiweka mbele yake ilikuwa imekatwa mchango kila mwezi tangu nikiwa kazini. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 20 inazitaka serikali ziwezeshe watu kupata nyenzo bora za mwendo kwa gharama wanayoimudu. Mwaka uliofuata tukapata Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu. Huko juu tumeandika haki. Huku chini, kwenye fomu, neno linasoma hisani.

Tatu ni “bresi”. Hili tumelikopa, na silikatai, maana hata mama wa kijijini analielewa. Ila mkopo huu umekuja bila maelezo yake. Tangu 1989 Shirika la Kimataifa la Viwango limeweka mpaka ulio wazi: kiungo bandia huchukua nafasi ya sehemu ya mwili isiyokuwepo au iliyopungukiwa, bresi huvikwa juu ya sehemu iliyopo ili kuisimamia, kuinyoosha au kuisaidia ifanye kazi. Mkanda wa mgongo uliopinda, kola ya shingo, bresi ya mguu wa aliyepigwa kiharusi, ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, zote ni za upande huo wa pili. Mpaka usipoandikwa, kila ofisi hujichorea wake.

Nilikaa benchi moja na mama mwenye mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo. Mtoto alikuwa amefungwa hogo la plasta na kubadilishiwa kila wiki, kwa njia aliyoianzisha daktari Ignacio Ponseti, mpaka nyayo zikakaa sawa. Kilichobaki ni bresi: viatu viwili vilivyounganishwa kwa ubao, vya kuvaliwa saa 23 kwa siku kwa takriban miezi mitatu, kisha usiku tu hadi mtoto afike miaka 4 au 5. Mtoto asipoivaa, nyayo hurudi kupinda, na plasta zote zile zinakuwa kazi bure. Yule mama alikuwa amejibiwa, sehemu nyingine ambayo nayo siitaji: “Viatu havilipwi.”

Plasta iliitwa tiba, ikalipwa. Bresi iliitwa viatu, ikakataliwa. Hata forodha inajua kutofautisha kiatu na kiatu. Katika uainishaji wa bidhaa unaotumika kimataifa, na hapa Afrika Mashariki pia, kiatu cha kurekebisha mguu kilichotengenezwa kwa kipimo cha mtu huingia namba 9021 pamoja na viungo bandia, bresi na magongo. Kiatu cha kawaida kiko kwingine kabisa. Na fimbo ya kutembelea, ukitaka kucheka, iko namba 6602, jirani ya mijeledi. Kama afisa wa bandarini ana namba ya kumtenga mgonjwa na mfanyabiashara, afisa wa bima akose neno?

Neno tunalo, tena la siku nyingi: gango. Wazee waliita gango kile kinachoshika na kuunga, ukiwemo ubao wa kuunganishia mfupa uliovunjika, na kitenzi cha jirani yake ni kuganga, ambako ndiko alikotoka mganga. Lugha yetu haikuwahi kudhani kwamba kinachoushika mfupa ni nyongeza inayofuata baada ya tiba kwisha. Gango lenyewe ndilo lilikuwa kuganga. Sidai kwamba kesho hospitali zote ziseme gango. Nadai kwamba kitita cha mafao ya bima kitakapoeleza bresi ni nini, kiieleze kwa akili ya neno hilo: sehemu ya tiba.

Kuna neno la nne ambalo hujificha, nalo ni “urembo”. Wataalamu wana aina ya mkono bandia ambao vidole vyake havifumbi. Kwa Kiingereza chao huuita kwa neno lilelile la vipodozi. Likitafsiriwa kavukavu, fomu inasema “mkono wa urembo”, na hakuna bima inayolipa urembo. Lakini mkono huo hushika karatasi isipeperuke wakati mkono mwingine unaandika, hutuliza sufuria mtu akisonga, na humruhusu msichana kuingia darasani bila darasa zima kugeuka. Uitwe mkono usio na mwendo, maana ndivyo ulivyo.

Wala “bandia” lenyewe si neno jepesi. Tuna noti bandia, dawa bandia, na watoto huchezea mtoto wa bandia. Wanafunzi wangu waliwahi kuniuliza kama mguu wangu ukikamatwa na polisi nitafungwa. Tulicheka sana. Neno hili limeshaota mizizi na sitaki ling'olewe; nataka tu karatasi za serikali zikumbuke kwamba mguu bandia ni mguu kwanza, na bandia baadaye.

Mheshimiwa, nguvu ya lebo katika malipo haiko kwetu tu. Marekani, bima ya serikali iitwayo Medicare humpanga aliyekatwa mguu katika ngazi tano, K0 hadi K4, kuanzia asiyetarajiwa kutembea hadi mwanamichezo. Kwa miaka mingi goti linaloongozwa na kompyuta lilikuwa la K3 kwenda juu. Septemba 2024 masharti yakalegezwa, baadhi ya watu wa K2 nao wakafunguliwa mlango. Hawakulala wakaamka na miguu mingine. Yalibadilika yaliyoandikwa kando ya ngazi yao. Nasi tukija kupanga ngazi, tusizinakili. K2 ya kule hupimwa kwa ukingo wa barabara, ngazi na ardhi isiyo sawa. Mkulima wa huku kwetu Moshi hushuka mteremko wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, wakati wa masika, matope hadi kifundoni, mkungu wa ndizi begani. Huyo apimwe kwa siku yake.

Utaniambia maneno ni kazi ya wanalugha. Ndiyo maana nakala nimeipeleka BAKITA, baraza tulilonalo tangu 1967. Lakini wanalugha peke yao hawalijui neno ambalo fundi hulitamka akiwa na jasi mikononi. Hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kimefundisha wataalamu wa viungo bandia na bresi tangu 1981, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Ujuzi tunauuza nje kwa zaidi ya miaka 40, na neno la soketi bado halijafika dirishani. Mwaka 2021 tulitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hizo mbili zikutane kwenye fomu.

Maombi yangu ni haya:

Kwanza, kitita cha mafao kiambatishwe orodha ya istilahi kwa Kiswahili yenye maana zake, ikitenga makundi matatu: viungo bandia, bresi, na nyenzo za mwendo kama magongo na viti mwendo.

Pili, kila kiungo bandia kiandikwe kwa sehemu zake, yaani soketi, lina ya kukinga kigutu, goti, bomba na unyayo, na kwa kazi zake: kupima, kutengeneza, kujaribisha, kufundisha kutembea, kurekebisha na kubadili. Kila moja iwe na mstari wake na bei yake.

Tatu, muda wa kubadili ufuate mwili. Penye “kimoja kwa miaka kadhaa” pasomeke “kinapokoma kumfaa mtumiaji kwa ushahidi wa mtaalamu”, na watoto wawe na kifungu chao.

Nne, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili, ikitaja kifungu kilichomkatalia. “Hailipwi” si sababu.

Tano, maneno hayo yatungwe mezani penye watu wanne: mwanalugha, mtaalamu wa viungo, mlipaji, na sisi tunaovaa. Sisi tutakuja, tunachohitaji ni ukumbi usio na ngazi nyingi.

Najua kuna foleni ya mambo mbele yako, na mengine yanavuja damu. Hili la kwangu ni dogo kwa kimo, na ndiyo sababu halina kisingizio cha kuchelewa: orodha ya maneno haihitaji jengo wala mashine. Kule dirishani mimi ningeandika hivi: “Mguu bandia, chini ya goti, kushoto. Kubadili soketi. Sababu: kigutu kimepungua.” Ni maneno 11. Yakiwemo kwenye kompyuta ya yule kijana, hatakuwa na haja ya kunitazama kwa huruma. Atabonyeza, ataita anayefuata, nami nitaondoka dirishani kwa soksi moja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Moshi, Kilimanjaro.