MCHORAJI WA KATUNI ASIKAE KIMYA

Wengi wetu tukishika gazeti hukimbilia katuni kwanza. Tunacheka, tunalikunja gazeti, basi. Hata katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, wenzangu fulani walishikilia ati kazi ya mchoraji ni kuchekesha tu, asiegemee upande wowote. Mimi siafikiani nao kamwe. Shahidi wangu ni Mholanzi mmoja, Louis Raemaekers.

Jamaa huyu alizaliwa mwaka 1869 mjini Roermond, karibu na mpaka wa Ujerumani. Baba yake alikuwa Mholanzi mwenye gazeti, na mama yake Mjerumani. Alifundisha uchoraji kabla ya kuingia magazetini, na mwaka 1909 akajiunga na De Telegraaf la Amsterdam.

Agosti 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka na Ujerumani ikaivamia Ubelgiji. Mjini Leuven maktaba ya chuo kikuu iliteketezwa. Mjini Dinant raia 674 waliuawa. Wakimbizi wapatao milioni moja walimiminika Uholanzi, ambayo ilikuwa imetangaza kwamba haina upande katika vita hivyo. Je, Raemaekers angeyaona hayo na kuendelea kuchora vichekesho? Thubutu! Alichora wajane, mayatima na Kaisari aliyelowa damu.

Ujerumani ilikasirika, na serikali ya Uholanzi ikaingiwa na hofu. Mwaka 1915 mhariri mkuu wa De Telegraaf alitiwa mbaroni kwa madai ya kuhatarisha msimamo wa nchi. Ulivuma hata uvumi ati Wajerumani wameahidi guilder 12,000 kwa atakayemleta Raemaekers, ingawa ushahidi wa ahadi hiyo haujapatikana. Mwishowe alihamia London.

Mtaniuliza, kwani serikali haikuwa na haki ya kuogopa? Ilikuwa nayo. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, na Uholanzi ilikuwa nyasi. Lakini gazeti si serikali. Waziri anaweza kunyamaza ili kuzuia vita. Mchoraji akinyamaza, nani atamsemea mama aliyezikwa Dinant?

Hata hivyo, simsifu kwa kila jambo. Huko London, picha zake zilichukuliwa na ofisi ya propaganda ya Waingereza, zikasambazwa kwa lugha nyingi. Mwaka 1917 alipelekwa Marekani kwa kazi iyo hiyo. Hapo ndipo kalamu iliponasa mtegoni. Habari za vita za wakati ule zilichanganya ukweli na uvumi, kwa mfano ati askari wa Kijerumani walikuwa wakiwakata watoto mikono, jambo ambalo halikuthibitishwa kamwe. Vita vilipokwisha, watu waligundua wamedanganywa, na wengi wakaacha kuamini hata yale ya kweli ya Dinant. Njia ya mwongo ni fupi, lakini aumiaye njiani ni msema kweli.

Tena, baadhi ya picha zake zinamfanya kila Mjerumani aonekane mnyama. Mtu ambaye mama yake ni Mjerumani alikuwa na sababu ya kukumbuka kwamba si kila Mjerumani aliyechoma Leuven.

Picha yake inayonigusa zaidi ni ile ya maiti za askari wa Kijerumani zikielea mtoni. Maneno yake yanasema kwa kejeli kwamba wako safarini kwenda Calais, bandari ya Ufaransa ambayo wakubwa wao waliitamani. Pale humchukii askari. Unamhurumia, na unamkasirikia aliyemtuma.

Raemaekers alifariki mwaka 1956. Kwa maoni yangu, ametuachia funzo moja. Mchoraji achague upande, tena bila woga, lakini upande huo uwe wa aliyeonewa. Achore tendo na mtendaji, asichore kabila zima. Nanyi wenzangu mliosema katuni ni ya kuchekesha tu, tukutane muhula ujao tuendelee na mjadala!