Mangi mmoja, majina matatu

Kimya changu cha wiki mbili kimesababishwa na laptopu. Haikuibiwa, haikumwagiwa chai. Niliiwasha asubuhi moja pale ofisini, mjini kati, ikaniletea skrini ya buluu na kunidai ufunguo wenye tarakimu 48. Arobaini na nane! Mimi namba ya NIDA yenyewe naisoma kwenye kadi.

Nikamwita jamaa wa IT. "Usihofu kaka, ufunguo umehifadhiwa kwenye mfumo." Akakaa, akabofya, akanyamaza. Ukiona mtu wa IT ananyamaza, jua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi nyingi siku hizi zina programu ya kusimamia usalama wa kompyuta zote. Kila mashine inawekewa kijiprogramu kinachoripoti: nipo, nimesasishwa, kinga ya virusi inafanya kazi. Upande wa pili kila mashine ina faili lake, na mara nyingi humo ndimo unamokaa ufunguo wa dharura wa diski iliyofungwa kwa BitLocker. Sasa wakubwa walikuwa wamegundua kwamba mfumo unahesabu mashine 61 wakati mezani zipo 40 tu. Leseni hulipiwa kwa kila mashine, kwa hiyo amri ikashuka: futeni zinazojirudia.

Laptopu yangu ilikuwa na mafaili matatu. La kwanza ni la siku nilipokabidhiwa. La pili lilizaliwa pale diski ya zamani ilipokufa, tukaweka mpya na Windows mpya, kijiprogramu kikajisajili upya kama mgeni. Diski hiyo ndiyo iliyofungwa, na ufunguo ukaingia kwenye faili hilo la pili. La tatu lilizaliwa kijiprogramu kilipogoma, kikaondolewa na kurudishwa. Mfumo ukasema karibu mgeni tena! Ila diski ilikuwa imeshafungwa zamani, hivyo ufunguo haukutumwa mara ya pili.

Amri ilipokuja, jamaa akapanga orodha kwa majina, akabakiza faili lililoonekana karibuni zaidi, mengine akafuta. Kwa macho alikuwa sahihi kabisa. Faili la tatu ndilo lililokuwa hai. Ufunguo ulikuwa kwa marehemu. Baadaye kompyuta ikasasisha programu ya ubao wake, jambo ambalo huweza kuifanya BitLocker iingiwe na wasiwasi na kudai ufunguo. Ukawa mwisho wa habari.

Ndani mlikuwa na nini? Kazi ya wiki tatu. Mahojiano na wafanyabiashara walioteketezewa mali kwenye soko kuu la Kariakoo, usiku wa Julai 10, 2021. Nakala ya akiba sikuwa nayo, hilo kosa ni langu na nalibeba. Kati yao alikuwepo mzee mmoja wa mbegu na pembejeo, alinieleza kwa saa mbili jinsi alivyosimama barabarani akiuangalia moto. Nilipomrudia na shikamoo yangu nikamweleza kilichotokea, alinitazama kwa upole. "Mwanangu, yale nilishayasema. Siyarudii tena." Sikumlaumu. Kuna mambo mtu huyasema mara moja.

Nilitoka pale nikapita Aggrey kwa fundi wangu, walau nipate wa kunihurumia. Hakunihurumia, alinifundisha. Akafungua kompyuta mbili za mezani, za kuungaunga, tofauti kabisa, akanionyesha namba za utambulisho za mbao zake. Zote mbili zilikuwa na maneno yaleyale ya Kiingereza, yanayomaanisha kwamba mtengenezaji atajaza. Hakujaza! Kiwandani walisahau au walipuuza, na mashine za namna hiyo zimejaa duniani. Mfumo unaounganisha mafaili kwa kutazama namba ya ubao peke yake utaziona hizo mbili kuwa kitu kimoja.

Ndipo nikamkumbuka Mangi wa mtaani kwetu. Dukani anaitwa Mangi. Nyumbani ni Baba Neema. Kwenye kadi ya NIDA ana jina ambalo hata jirani yake halijui. Mtu mmoja, majina matatu. Lakini pia, Dar es Salaam nzima kila mwenye duka ni Mangi! Jina moja, watu elfu. Ukiambiwa "unganisha majina yanayojirudia", utaanzia wapi? Ukiwaacha Mangi, Baba Neema na yule wa kwenye kadi wawe watu watatu, umekosea. Ukiwaunganisha Mangi wote wa Kariakoo na Manzese wawe mtu mmoja kwa sababu jina ni moja, umekosea vibaya zaidi, maana deni la mmoja litadaiwa kwa mwingine.

Hii si hadithi ya ofisi yetu peke yake. Nchi nzima tuliwahi kuupitia mtihani huu. Nilikuwa kidato cha tatu usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilipozima simu bandia. Chombo kilichotumika kinaitwa Rejesta Kuu ya Namba Tambulishi, daftari la IMEI za simu zote zinazotumika. Ukibonyeza *#06# unaiona yako: tarakimu 15, nane za mwanzo zinataja aina ya simu, sita ni za simu yenyewe, ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Nadharia inasema kila simu ina yake. Kariakoo ya wakati ule ilikuwa na nadharia nyingine. Simu za bei chee zilikuja zikiwa na namba za kunakili, namba moja imebebwa na simu nyingi. Wakenya walishapita njia hiyo mwishoni mwa Septemba 2012.

Mama yangu aliamka simu ikiwa kimya. Hakuwa mhalifu, alinunua dukani mchana kweupe, akapunguziwa bei, akashukuru. Namba ilimwambia yeye ni sawa na wengine asiowajua. Na kinyume chake nacho kipo: simu ya laini mbili kwa kawaida ina IMEI mbili. Kitu kimoja, namba mbili, halali kabisa. Kwa hiyo tangu mwanzo kanuni ya "namba moja, kifaa kimoja" ilikuwa inavuja pande zote mbili.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi mafaili yanayojirudia yaachwe. Yana madhara, na si ya fedha za leseni tu. Laptopu ikiibwa, unatuma amri ya kuifuta kwa mbali. Ukiituma kwenye faili lililokufa, amri itasubiri milele huku mwizi anasoma barua zako. Kisha ile orodha ya mashine ambazo hazijasasishwa: nusu yake ni mizimu, na watu wakizoea kuona nyekundu ya uongo, siku nyekundu ya kweli ikiwaka hakuna anayeinua kichwa. Usafi ni lazima.

Ninachopinga ni usafi wa fagio. Kuunganisha siyo kufuta. Kuunganisha ni kuchukua kila kilichomo kwenye faili la zamani, yaani ufunguo, historia, jina la mtumiaji, na kukihamishia kwenye faili linalobaki, ndipo la zamani lipumzishwe. Na hata hapo lisichimbiwe kaburi siku hiyohiyo. Lilazwe miezi mitatu. Kama hakuna aliyelililia, haya, lizikwe.

Pili, ushahidi mmoja hautoshi. Jina la kompyuta linabadilika. Anwani ya MAC ni ya kadi ya mtandao, siyo ya mashine: hapa kwetu waandishi watatu tunapokezana adapta moja ya waya, na yeyote aliyeichomeka anavaa anwani ileile. Simu nazo, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, kwa kawaida huutumia mtandao wa Wi-Fi anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Na ukinakili diski moja kwenye kompyuta kumi huku kijiprogramu kikiwa kimeshajisajili, zote kumi zinaweza kujitangaza kwa utambulisho mmoja. Mahakamani shahidi mmoja huulizwa maswali, kwa nini kwenye mfumo tumwamini bila kuuliza? Chukua namba ya ubao, chukua utambulisho wa kijiprogramu, tazama nani aliingia mara ya mwisho. Wakikubaliana, unganisha. Wakibishana, simama.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, muulize mwenye mashine. Kutoka meza ya IT hadi meza yangu ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Swali moja tu, "kaka, hizi tatu zote ni zako?", lingenichukua nusu dakika kujibu. Mwaka 2016 wengi walipewa walau miezi kadhaa ya kutangaziwa na kuhakiki kwa kutuma namba kwenda 15090. Mimi sikupewa hata dakika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka taarifa za mtu ziwe sahihi. Nadhani usahihi unaanzia hapo, kwenye kumuuliza mwenyewe kabla ya kuamua kuwa yeye ni watu watatu au kwamba yeye na jirani yake ni mmoja.

Jamaa wa IT aliniomba radhi, nami nimemsamehe. Alikuwa anatekeleza amri ya kupunguza idadi, na idadi imepungua kweli. Ripoti ya mwezi imependeza. Hakuna safu kwenye ripoti ile inayoandika kilichopotea.

Jumamosi nitapita tena Kariakoo kwa yule mzee. Sitabeba kinasa sauti. Nitanunua mbegu za mchicha, nikae kidogo kwenye benchi lake, na akipenda kuongea habari za mpira tutaongea mpira.