Mayai ya kinyonga: mzigo mdogo, hasara kubwa

Msafirishaji anayepita na mzigo kati ya Rumonge, Nyanza-Lac, Manyovu na Kigoma amezoea kuulizwa maswali matatu mpakani: mzigo ni nini, thamani yake ni kiasi gani na cheti kiko wapi. Kwa mzigo wa wanyama wa porini kuna swali la nne, nalo ndilo linalowafilisi watu: nani ameruhusu mnyama huyu atolewe porini? Swali hilo linahusu pia mayai yake.

Tunalizungumzia jambo hili kwa sababu soko la vinyonga wa kufuga majumbani huko Ulaya, Marekani na Asia ni la kweli na lina fedha. Januari 2021 zilitangazwa habari za forodha ya uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, kumkamata msafiri aliyetoka Tanzania akiwa na vinyonga 74 waliotolewa milima ya Usambara. Alikuwa amewaficha ndani ya soksi na vikasha vya aiskrimu. Thamani yao katika soko la magendo ilikadiriwa kuwa karibu Euro 37,000. Watatu walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki walipelekwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn.

Kwa muda mrefu Tanzania ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vinyonga hai duniani. Mwaka 2016 serikali yake ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita kuwasafirisha wanyama waliokuwa wamebaki kwenye mazizi yao, lakini wizara husika ikalisitisha tangazo hilo ndani ya siku chache. Mlango mmoja unapofungwa, mwenye haraka hutafuta mlango wa jirani. Ndiyo maana mfanyabiashara wa mwambao wa Burundi asishangae siku akiletewa kikasha na kuambiwa, "Ni mayai tu, hayali wala hayapigi kelele."

Kwanza tutazame mzigo wenyewe. Si kila kinyonga anataga. Kinyonga wa Elliot (Trioceros ellioti), anayepatikana pia Burundi, huzaa watoto hai. Anayekuuzia mayai yake amekwisha kukudanganya kabla safari haijaanza. Kinyonga wa savana, Chamaeleo dilepis, ndiye anayetaga. Jike hushuka mtini, huchimba shimo, hutaga mayai kwa makumi, hufukia na kuondoka. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, wakati mwingine karibu mwaka mzima, kabla ya kuanguliwa.

Mfugaji wa kuku anajua kwamba mayai ya kuku hugeuzwa kila siku. Ya kinyonga ni kinyume chake. Kijusi kikishatulia mahali pake ndani ya yai, kuligeuza kunaweza kukiua. Kwa hiyo mfugaji stadi huweka alama ya penseli juu ya yai, naye hulihamisha upande huo ukiwa juu daima. Ganda lake ni laini kama ngozi. Linahitaji unyevu wa kiasi: likikauka hubonyea, likiloa sana huoza na kuota ukungu. Joto pia lina kipimo chake, na wengi huliweka kati ya nyuzi 24 na 28. Sasa fikiria kikasha hicho kwenye gari lililoegeshwa juani saa sita mchana, kisha barabara yenye makorongo, kisha boti yenye mawimbi. Yai lililokufa halionekani kwa nje siku ile ile. Mnunuzi hulipa kidogo kwa sababu hiyo, na faida humfuata yule anayetotolesha na kukuza huko mbali.

Pili ni sheria. Vinyonga wote wa jenasi Chamaeleo wamo katika Jedwali la Pili la mkataba wa kimataifa wa CITES, na mayai yao yamo pia. Burundi ni mwanachama tangu mwaka 1988. Biashara ya wanyama wa jedwali hilo haikukatazwa moja kwa moja, ila mzigo hautoki bila kibali cha nchi unakotoka. Nchi za Umoja wa Ulaya zinadai kibali chao cha kuingiza pia, kilichotolewa kabla mzigo haujafika. Katika Burundi, mahali pa kuanzia ni ofisi ya OBPE inayosimamia mazingira, wala si meza ya forodha.

Hapa wengi hujichanganya. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi thamani ya Dola 2,000, huwasaidia sana wafanyabiashara wadogo. Hata hivyo, cheti hicho kinahusu ushuru. Hakiwezi kushika nafasi ya kibali cha wanyamapori.

Aidha, kwa anayevuka kuingia Tanzania, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu yai kuwa nyara. Kukutwa na nyara bila kibali hufunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi, na chombo kilichobeba kinaweza kutaifishwa. Dereva aliyepewa nauli ya siku moja anaweza kupoteza gari la miaka kumi, na tajiri wa mzigo asionekane tena.

Burundi ina kumbukumbu yake. Katika miaka ya 1980, nchi hii isiyo na tembo wa kutosha hata kundi moja iligeuka kituo kikubwa cha kupitishia pembe za ndovu za majirani. Walionufaika walikuwa wachache, lakini jina baya lilibebwa na nchi nzima.

Je, hakuna biashara halali ya wanyama wa mapambo? Ipo. Tangu miaka ya 1970, alipoianzisha Pierre Brichard, Burundi imesafirisha kwa ndege samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus, ambao majike yao huatamia mayai mdomoni. Samaki hao hawamo katika majedwali ya CITES, ingawa vibali vya nchi vinahitajika. Faida yao imetokana na maji safi, ujuzi na wateja wanaojulikana.

Kwa hiyo ndugu msafirishaji, ukiletewa kikasha cha mayai, uliza ni ya mnyama gani, yametoka wapi na kibali kina jina la nani. Usipoonyeshwa karatasi, mrudishie mwenyewe mzigo wake palepale. Mawese na ndagala havina bei ya Vienna, lakini ukivipeleka sokoni unarudi nyumbani na gari lako.