"Sisi" ya Jukwaani

Katika Tok Pisin, lugha ya Papua New Guinea, msemaji hana budi kufichua anamhesabu nani. "Yumi" humjumuisha msikilizaji. "Mipela" humwacha nje. Kiswahili kina "sisi" moja tu, na wanasiasa wetu wanaijua faida yake.

Kampeni za 2022 zilitupa mfano maridhawa. William Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais tangu 2013, aliligawa taifa mafungu mawili: mahasla, yaani wachumia juani, na koo za watawala. Hasla hakuwa na kabila wala kima cha mapato. Mama mboga, mwendesha bodaboda na hata tajiri aliyeshuka kwenye helikopta waliweza kulivaa jina hilo hilo. Ndiyo siri ya siasa za aina hii: itikadi yake ni haba, viwakilishi vyake ni vingi. Anayepinga huwa amekwisha kutiwa katika "wao" kabla hajafungua kinywa.

Si haki kudai kwamba wapigakura walihadaiwa tu. Ufukara uliotajwa ulikuwapo, na kuutaja hadharani kulikuwa jambo la maana.

Lakini Juni 25, 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni, Rais alisema wahalifu walijifanya waandamanaji wa amani. "Sisi" ilikuwa imepungua. Vijana nao walikuwa wamekwisha kujiundia yao: isiyo na kabila, isiyo na chama, isiyo na kiongozi. Kesho yake Rais akakataa kuutia mswada sahihi.