Chema hakijiuzi hospitalini

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waama, methali hiyo hutufaa tununuapo embe au kitambaa sokoni, kwani jicho na kidole hutosha kupambanua. Lakini je, mgonjwa atapambanuaje weledi wa daktari? Aghalabu hufuata neno la jirani, fahari ya jengo au urefu wa foleni. Upole wa daktari huonekana. Ustadi wa kisu chake hauonekani.

Wapo wanaodhani kuwa kuchapisha takwimu kutatosha. Mfano wa Marekani watuonya. Katika miaka ya 1990, jimbo la Pennsylvania lilitoa mwongozo wa vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo, ukilinganisha hospitali na madaktari. Mwaka wa 1998, watafiti Eric Schneider na Arnold Epstein walitangaza matokeo ya kuwahoji wagonjwa 474 wa upasuaji huo. Ni asilimia 12 pekee waliokuwa na habari za mwongozo huo kabla ya kupasuliwa. Waliojua barabara daraja la daktari au hospitali yao, na kulizingatia katika uchaguzi wao, hawakufika hata asilimia moja.

Je, walikuwa wajinga? La hasha! Mgonjwa wa moyo hupelekwa kwa mpasuaji na daktari mwingine, tena akiwa amejaa hofu. Huo si wakati wa kuanza kujifunza kusoma majedwali. Isitoshe, tarakimu tupu hupotosha. Daktari anayepokea mahututi atapoteza wengi kuliko yule anayechagua wenye nafuu. Asiyelijua hilo atamkimbia bingwa.

Hapa Kenya, Baraza la Madaktari huweka wazi sajili ya wenye leseni. Hilo ni jema, ila leseni hutenga daktari na tapeli; haitengi hodari na wa wastani. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, humpa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika nayo kikamilifu. Haki isiyodaiwa, hata hivyo, hubaki wino juu ya karatasi.

Ndiposa nashikilia kwamba kazi hii ianzie darasani, kabla ya maradhi kubisha hodi. Mwanafunzi hukokotoa asilimia ya faida na hasara ya muuza duka. Mbona asikokotoe ya waliopona na waliofariki, na kuuliza walikuwa wagonjwa kiasi gani? Walimu wamfunze pia kuuliza kwa adabu: Daktari, umefanya upasuaji huu mara ngapi? Wagonjwa wako waliendeleaje? Naye daktari asilione swali hilo kuwa tusi.

Serikali nayo ichapishe takwimu, tena kwa lugha inayoeleweka na raia. Lakini takwimu bila msomaji ni taa mbele ya aliyefumba macho. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hospitalini huenda asipate nafasi ya kuuliza tena.